Mafunzo Mawili ya Msimamizi

Katika kila kampuni kubwa yupo mtu asiyehesabiwa miongoni mwa wakubwa wala miongoni mwa wadogo. Wakubwa humwona mdogo kwa sababu hana sauti katika baraza lao. Wadogo humwona mkubwa kwa sababu amri za kila siku hutoka kinywani mwake. Huyu ndiye msimamizi wa ngazi ya chini: mkuu wa zamu kiwandani, mkuu wa tawi katika benki, kiongozi wa kikosi bandarini, mwangalizi wa makarani ofisini. Cheo chake ni kidogo, lakini kampuni nzima hupita katika mikono yake. Mkurugenzi aweza kuandika shabaha njema kwa kalamu, lakini shabaha hiyo haiwi kazi mpaka msimamizi ameitamka mbele ya wafanyakazi, na jinsi atakavyoitamka ndivyo itakavyokuwa. Kwa mfanyakazi wa chini, kampuni haina uso mwingine ila uso wa msimamizi wake. Msimamizi akiwa mwungwana, kampuni ni ya kiungwana; akiwa dhalimu, kampuni ni dhalimu, hata kama wenye mali yake ni watu wa rehema.

Waswahili walimjua mtu huyu kabla ya kampuni za leo kuzaliwa. Nyapara aliongoza wapagazi katika misafara ya bara, na baadaye alisimamia vibarua katika mashamba ya mkonge. Jina lake liliwahi kuwa la heshima, nalo katika vinywa vya wengi likageuka kuwa jina la ukali. Mageuzi hayo hayastaajabishi. Nyapara alipimwa kwa mizigo iliyofika na kwa matita ya mkonge yaliyokatwa; aghalabu hakuulizwa mizigo ilifikaje wala matita yalikatwa kwa machozi ya nani. Anayeulizwa hesabu peke yake hujifunza kujibu kwa hesabu peke yake.

Basi lipo swali ambalo kampuni nyingi hulikwepa, na ambalo halina budi kuulizwa. Msimamizi huyu anapotenda ubaya kwa jina la kampuni, ubaya huo ni wa nani? Majibu mawili husikika, na kila moja limejifunika vazi la methali. Wakubwa husema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza, basi yule aliyeoza na atupwe upesi, pakacha lisalimike. Msimamizi naye husema kuwa mjumbe hauawi. Yeye alichukua amri tu kutoka juu na kuifikisha chini. Jibu la kwanza lamtwika mdogo mzigo wote, na la pili lamwondolea mzigo wote. Yote mawili yana chembe ya kweli, lakini hakuna lililo kweli kamili. Mwamuzi mwenye insafu hatoi hukumu juu ya mwanafunzi kabla ya kumtazama mwalimu. Kwa hiyo yafaa kwanza kutazama jinsi msimamizi anavyofunzwa na jinsi anavyosimamiwa.

Viwanda vya Marekani vimeacha historia ndefu ya jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 msimamizi wa kiwanda katika nchi ile alikuwa kama mfalme mdogo katika eneo lake. Aliajiri na kufukuza, aligawa kazi, na mara nyingi alikuwa na neno kubwa katika ujira wa kila mtu. Hakufunzwa kutawala watu. Maarifa hayo aliyaokota njiani kama mtu aokotavyo kuni, na kuni alizookota nyingi zilikuwa mbichi, zenye moshi kuliko moto. Frederick Taylor, mhandisi ambaye mwenyewe alipata kuwa kiongozi wa genge katika kiwanda cha chuma cha Midvale mjini Philadelphia, aliuona upungufu huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 juu ya uendeshaji wa karakana alishauri kuwa kazi ya msimamizi mmoja igawanywe baina ya wasimamizi 8: 4 katika chumba cha mipango na 4 mahali pa kazi. Wachache walioufuata ushauri huo neno kwa neno, lakini roho yake ilienea: fikira ziwe ofisini, mikono iwe kiwandani.

Kampuni ya Ford ilifika mahali pale pale kwa njia yake. Katika mwaka 1913 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Michigan waliingia na kutoka kwa wingi hata badiliko lao likafika asilimia 370 kwa mwaka. Wakubwa walipochunguza, waliona kwamba miongoni mwa sababu ilikuwa ukali wa wasimamizi waliofukuza watu kwa hasira ya siku moja. Msimamizi akanyang'anywa haki ya kumfukuza mtu kutoka katika kampuni, na haki hiyo ikakabidhiwa idara ya ajira. Kwa mfanyakazi hii ilikuwa rehema, wala hapana sababu ya kuijutia. Lakini jambo moja halikusawazishwa. Madaraka ya msimamizi yalipunguzwa, na lawama yake ikaachwa palepale ilipokuwa. Kazi ikichelewa, yeye ndiye aliyeitwa. Kitu kikiharibika, yeye ndiye aliyeulizwa. Lakini zana, watu, ujira na mwendo wa kazi viliamuliwa na wengine.

Uchungu wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 1941, wasimamizi wa Detroit walipounda chama chao wenyewe. Machi 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya magari ya Packard, iliamua kuwa wasimamizi nao walikuwa waajiriwa waliolindwa na sheria ya kazi ya wakati ule. Ushindi wao haukuona mvua ya pili. Mwezi Juni mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, ambayo iliwatoa wasimamizi katika ulinzi huo. Sheria iliwaambia kuwa wao ni watu wa upande wa mwajiri. Hata hivyo, kuketi upande wa mkubwa si kuwa mkubwa. Mtumishi anayesimama nyuma ya kiti cha tajiri wake yu upande mmoja naye, lakini hali naye sahani moja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulileta mafunzo. Viwanda vya Marekani vilihitaji wasimamizi wapya kwa maelfu, na mabingwa wa zamani walikuwa wameadimika. Serikali ilianzisha mwaka 1940 mpango wa mafunzo ndani ya viwanda, uliodumu mpaka mwaka 1945 na kuwafunza watu zaidi ya 1,500,000. Kila somo lilichukua saa 10 tu, lililogawanywa katika vikao vya saa 2. Somo moja lilikuwa la kumfundisha mtu kazi, la pili la kurekebisha njia ya kazi, na la tatu la kukaa na watu. Katika somo hili la tatu msimamizi aliambiwa mambo manne: amjulishe kila mtu jinsi kazi yake inavyokwenda, ampe sifa anapostahili sifa, amweleze mapema badiliko litakalomgusa, na autumie vema uwezo wa kila mmoja. Hakuna hekima ngumu hapa. Mzee yeyote wa kijiji angeyasema haya chini ya mwembe. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kukiri kuwa kutawala watu ni ujuzi wa kufunzwa kama useremala, wala si kipaji cha wateule. Baada ya vita mafunzo hayo yalivuka bahari yakafika Japani, na kampuni ya Toyota ilikuwa miongoni mwa zile zilizoyalea mpaka yakawa sehemu ya desturi zake.

Katika somo la kufundisha kazi palikuwa na kanuni moja ambayo kila msimamizi alikwenda nayo kazini, imechapwa katika kadi ndogo ya mfukoni. Maana yake ni kuwa mfanyakazi asipojifunza, kosa ni la aliyemfundisha. Kanuni hii ni nzuri na nzito. Msimamizi hakuruhusiwa kusema kuwa mtu wake ni mjinga. Aliamriwa ajiulize amemfunza vipi. Lakini kanuni iliyo ya haki chini haiwezi kuwa si ya haki juu. Ikiwa mfanyakazi asiyejua ni ushahidi dhidi ya msimamizi wake, basi msimamizi asiyejua ni ushahidi dhidi ya mkurugenzi wake. Kadi ile ilitiwa katika mfuko wa msimamizi. Ilistahili pia kutiwa katika mfuko wa koti la mkurugenzi.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana haukupita muda mrefu. Kampuni ya International Harvester, iliyotengeneza matrekta na mashine za kilimo, ilikuwa na shule mjini Chicago ambako wasimamizi wake walipelekwa kwa majuma 2 kujifunza kukaa na watu kwa wema. Edwin Fleishman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichunguza matunda ya shule hiyo, na habari zao zikatangazwa mwaka 1953 na mwaka 1955. Siku ya kumaliza masomo wasimamizi walionyesha kuwajali watu zaidi kuliko siku walipoingia. Shule ilikuwa na haki ya kujisifu. Lakini watafiti hawakuishia mlangoni pa shule. Waliwafuata wasimamizi mpaka viwandani. Huko waliona kwamba tofauti baina ya waliofunzwa na wasiofunzwa ilikuwa imepotea kama umande. Lililobaki ni tofauti nyingine: msimamizi aliyekuwa na mkubwa mwenye kuwajali watu alielekea kuwajali watu wake, na aliyekuwa na mkubwa asiyejali alielekea kutojali, awe amekwenda Chicago au asiwe amekwenda.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Msimamizi hana shule moja. Ana shule mbili. Ya kwanza ni ya maneno, nayo hufunguliwa kwa majuma machache, ina ubao, mwalimu na cheti. Ya pili ni ya vitendo, nayo haifungwi kamwe. Mwalimu wake ni mkubwa wa msimamizi, somo lake ni lile analouliza mkubwa huyo kila asubuhi, na mtihani wake ni nani anayepandishwa cheo na nani anayeachwa. Shule hizi zikipatana, msimamizi hukua. Zikigombana, shule ya pili hushinda, si kwa sababu msimamizi ni mwovu, bali kwa sababu ndiyo inayolisha watoto wake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na msimamizi aliyefunzwa darasani hufunzwa upya na ulimwengu wa kampuni yake. Kumsimamia mtu ni kumfundisha, apende msimamiaji au asipende.

Mfano wa karibu zaidi watoka katika benki ya Wells Fargo ya Marekani. Benki hiyo ilikuwa na kanuni za maadili na mafunzo yake, yaliyowakataza watumishi kufungua akaunti ambazo mteja hakuziomba. Hiyo ilikuwa shule ya kwanza. Lakini benki ilijiwekea pia shabaha ya kumwuzia kila mteja bidhaa 8, na wakuu wa matawi waliulizwa hesabu za mauzo siku kwa siku. Hiyo ilikuwa shule ya pili. Septemba 2016 ilitangazwa kwamba watumishi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa katika muda wa miaka 5 hivi kwa sababu ya mauzo ya udanganyifu, zikiwamo akaunti zilizofunguliwa bila ridhaa ya wateja, na benki ikatozwa faini ya dola milioni 185. Mwaka 2020 ilikubali kulipa dola bilioni 3 ili kumaliza mashtaka ya serikali. Ripoti iliyotolewa na wakurugenzi huru wa benki Aprili 2017 ilieleza kuwa uongozi ulikuwa umeyaona maovu hayo kama makosa ya mtu mmoja mmoja, badala ya kuyaona kama tunda la mfumo wa mauzo wenyewe.

Hesabu hiyo yajibu methali ya kwanza. Samaki mmoja akioza, yawezekana ni wa jana. Samaki 5,300 wakioza katika pakacha moja, mtu mwenye akili huacha kuwalaumu samaki, akalitazama pakacha, akaitazama barafu, akamtazama na mvuvi. Kufukuza kwa miaka 5 bila kuuliza kwa nini safu inayofuata huoza vilevile ni kufuta maji sakafuni na kuuacha mfereji wazi.

Je, hoja hii yamweka huru msimamizi? Je, methali ya pili, kwamba mjumbe hauawi, yashinda? La. Mjumbe hauawi kwa sababu hakutunga neno wala hana uwezo wa kulibadili. Yeye ni mguu na sauti tu. Msimamizi si mguu na sauti tu. Amepewa cheo hasa kwa sababu kampuni haiwezi kutunga amri kwa kila saa na kila mtu. Lazima awepo mwenye kuamua pale pale. Akiambiwa atafute mauzo zaidi, hakuambiwa kwa kinywa amtishe karani mgonjwa, wala hakuambiwa asifumbue macho aonapo sahihi ya kughushi. Baina ya amri ya juu na tendo la chini pana nafasi, na nafasi hiyo ndogo ndiyo makao ya dhamiri yake. Anayesema kuwa hakuwa na nafasi yoyote, asema pia kuwa hakuwa msimamizi.

Hata hivyo, mwenye kudai dhamiri kwa msimamizi hana budi kutazama bei yake. Mwaka 2017 Wizara ya Kazi ya Marekani iliamuru benki ile ile imrudishe kazini meneja mmoja wa eneo la Los Angeles, na kumlipa dola milioni 5.4 hivi. Meneja huyo alikuwa amefukuzwa mwaka 2010 baada ya kuripoti udanganyifu alioushuku kwa watumishi wawili aliowasimamia. Alifanya lile ambalo shule ya kwanza ilimfundisha, na shule ya pili ikampa adhabu. Ilichukua miaka mingi mpaka amri hiyo ya haki ikatolewa. Kila msimamizi mwingine aliyeyaona hayo alipata somo bila kuingia darasani. Kampuni inayowaadhibu wasema kweli haina haki ya kulalamika kuwa imezungukwa na waongo.

Afrika Mashariki imepata kulijaribu swali hili kwa njia nyingine. Nchini Tanzania, waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa walisimamisha kazi, wakayatumia maneno ya Mwongozo kuwashtaki mameneja wao. Kwa muda mfupi msimamizi alitazamwa kutoka chini kama alivyotazamwa kutoka juu. Serikali yenyewe haikuvumilia migomo hiyo kwa muda mrefu. Lakini tukio lile liliacha fundisho lisilofaa kusahauliwa: anayemjua msimamizi zaidi si mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka, bali ni mtu anayepokea amri yake kila asubuhi. Usimamizi unaotazama kwa jicho la juu peke yake huona utosi wa mtu, hauoni uso wake.

Kutokana na hayo yote, wajibu wa wakubwa kwa wasimamizi wadogo wadhihirika katika mambo matatu. La kwanza ni kupatanisha shule mbili: asiulizwe kwa hesabu yule aliyefunzwa kwa maadili, ila aulizwe kwa yote mawili, na kwa uzito ule ule. Mkubwa anayetaka wema katika kazi lazima auulize wema kila juma kama anavyoiuliza fedha. La pili ni kulinganisha madaraka na lawama: aliyenyimwa uwezo wa kurekebisha jambo asibebeshwe aibu ya kuharibika kwake. La tatu ni kusikiliza kutoka chini, na kumlinda anayesema, kwa maana jipu lisiloguswa halikosi kupasuka.

Wapo watakaosema kuwa biashara si madrasa, na kwamba kampuni ikianza kupima wema itasahau kupata faida. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa sababu kampuni isiyopata faida humwachisha kazi mwema na mwovu pamoja. Lakini hesabu za benki ile zatosha kuijibu. Faida iliyopatikana kwa kumkaza msimamizi bila kumtazama ililipwa tena kwa faini, kwa mashtaka, na kwa imani ya wateja, ambayo haina bei ya kuinunulia sokoni.

Basi ubaya wa msimamizi ni wa nani? Ni wake, kwa kadiri ya nafasi aliyokuwa nayo ya kukataa. Na ni wa mkubwa wake, kwa kadiri alivyoifanya nafasi hiyo iwe nyembamba. Lawama si mkate, kwamba mmoja akichukua kipande mwenzake hubakiwa na kidogo. Wawili waweza kuwa na hatia kamili kwa tendo moja. Mkubwa anayemhukumu msimamizi wake ana haki ya kufanya hivyo, mradi aketi pia mbele ya hukumu hiyo hiyo, aulizwe ni somo gani alilokuwa akilifundisha kila asubuhi alipouliza habari za kazi.